Jibu: Mashine moja ya msasa kwa kazi za wikiendi

Mkuu, umesema unatengeneza stuli na meza ndogo wikiendi hapo Nyakato, na hela inatosha mashine moja tu. Chukua ile ya sahani ya duara, milimita 125, ambayo sahani inazunguka huku ikiyumba. Kule kuyumba ndiko kunakozuia mikwaruzo ya duara isibaki kwenye mbao, hata ukisugua kwa kukatisha nyuzi za mbao.

Ya mkanda achana nayo kwa sasa. Inakula mbao haraka. Mimi nilichimba bonde kwenye meza ya mninga, na mke wangu hadi leo anaweka kitambaa juu yake. Ya mraba ni nzuri pembeni na kwenye kona, lakini ni ya polepole mno. Kona malizia kwa mkono.

Dukani angalia kama ina kidhibiti mwendo, na kama sahani ni ya kunatisha, msasa unabandua na kubandika. Kabla hujalipa, uliza kama misasa ya saizi hiyo inapatikana hapa mjini, na matundu yake yalingane na ya sahani, la sivyo vumbi halinyonywi.

Anza na msasa namba 80 kama mbao bado inakwaruza, kisha 120, kisha 180. Usiruke. Wala usiikandamize mashine, uzito wake unatosha.

Barakoa vaa, hasa ukipata mvule. Vumbi lake linawasha pua na ngozi vibaya sana.