Presha ya maji: ipime mwenyewe kabla hujalipa kodi

Umeniuliza utajuaje kama nyumba ya ghorofa ya juu kabisa unayotaka kupanga ina maji yenye nguvu, maana ulikotoka yalikuwa yakidondoka tu. Pole kwa ulikotoka. Kuoga kwa matone mwaka mzima kunachosha, na neno la dalali kwamba "maji yapo" halitoshi, maana maji kuwepo ni jambo moja na kuwa na nguvu ni jingine.

Nenda alfajiri au jioni, wapangaji wengi wanapoyatumia. Mchana bomba lolote linaweza kukudanganya. Beba ndoo ya lita 10 na simu ya kuhesabia muda. Fungua bomba la bafuni mpaka mwisho: ikijaa ndani ya dakika 1, utaoga vizuri, ikizidi dakika 2, fikiria upya. Kisha vuta maji ya choo na ufungue sinki la jikoni huku bafu likiendelea. Mimi niliwahi kuruka hatua hii, na kila mtu akiosha vyombo bafu langu lilibaki uzi mwembamba.

Hiyo ghorofa ya juu kabisa unayoipenda, angalia tangi liko wapi. Likiwa juu ya paa bila pampu, kila mita 10 za kimo kutoka bomba lako hadi tangi hutoa takriban bar 1 (bar ni kipimo cha presha), kwa hiyo aliye karibu na tangi ndiye hupata presha ndogo. Kama kuna pampu, uliza umeme ukikatika inakuwaje.

Mpangaji wa jirani atakwambia ukweli kuliko mwenye nyumba. Maji yakitoka na rangi ya kutu, mwite fundi bomba akague kabla hujasaini mkataba.