Herufi Mbili Zisizo Zake: Nilivyomtafuta Memsaabu wa Nyanya

Nyanya yangu alipofariki, tuligawana vitu vyake sebuleni kwa mama, na mimi nikaangukiwa na mkebe wa majani chai. Ndani mlikuwa na shanga, risiti kuukuu ya josho, na karatasi iliyokunjwa mara nne hadi mikunjo ikaanza kukatika. Ilikuwa barua ya kazi ya mwaka 1938, kutoka shamba moja upande wa Njoro, Kenya. Ilisema aliyeibeba amekuwa yaya mwaminifu kwa miaka mitatu na anaacha kazi kwa hiari yake. Chini palikuwa na sahihi: "Mrs.", herufi mbili, kisha jina la ukoo.

Niliposema nataka kumjua huyo mama, ndugu zangu waliniuliza nina haja gani na walowezi waliokula jasho la babu zetu. Swali lao lilikuwa la haki. Sheria ya 1918 ilimtaka skwota afanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili aruhusiwe kukaa na mbuzi wake kwenye shamba la Mzungu. Lakini kipande, kile kitambulisho cha kazi, walifungwa shingoni wanaume. Msichana wa kubeba watoto wa memsaabu nani angemwandika? Kama nyanya yupo kwenye karatasi yoyote zaidi ya ile ya mkebeni, basi yumo katika karatasi za mwajiri wake. Ndiyo maana nilianza, na haya ndiyo ningependa ningeambiwa mapema.

Kwanza, zile herufi mbili. Nilimaliza karibu mwezi mzima nikitafuta mwanamke ambaye majina yake yanaanza nazo. Hayupo. Mke wa Mwingereza wa enzi hizo aliitwa kwa jina la mumewe lote, herufi za mume na ukoo wa mume, yeye akabakiwa na "Mrs." tu. Na mume akibadilika, jina nalo linabadilika. Mtazame Beryl Markham, ambaye habari zake zinajulikana wazi. Alizaliwa Uingereza mwaka 1902 akiitwa Clutterbuck, akakulia hapo hapo Njoro kwenye shamba la baba yake. Aliolewa 1919 akawa Purves, akaolewa tena 1927 akawa Markham, na 1942 akawa Schumacher. Huyo ni rubani aliyevuka Atlantiki peke yake mwaka 1936, magazeti yakamwandika. Sasa fikiria mke wa mkulima wa ngano ambaye hakuna gazeti lililomjali.

Kwa hiyo usianze na mwanamke. Anza na shamba. Shamba halihami wala haliolewi.

Nilienda Njoro na barua yangu kwenye bahasha ya plastiki. Wazee hawakulitambua jina la kwenye sahihi hata nilipolitamka kwa namna tatu. Nilipotaja kilima na bwawa lililo chini yake, wakacheka: "Aa, kwa Mama Kofia!" Walowezi karibu wote walikuwa na majina waliyopewa na wafanyakazi, na mara nyingi wenyewe hawakuyajua. Liandike jina hilo, uliza linahusu boma gani, na uliza ni nani anayelima hapo leo. Ukishapata namba ya kiwanja ya sasa, uliza namba ya zamani kabla shamba halijakatwakatwa, ile inayoanza na L.R. (Land Reference). Hiyo ndiyo itakayokupeleka kwa mwenye hati wa kwanza. Katika mashamba mengi utakuta ni mwanamume mwenye mkataba wa miaka 999, kama sheria ya ardhi ya 1915 ilivyoruhusu.

Baada ya hapo, kaa na Gazeti la Serikali, yaani Kenya Gazette, lenye matangazo rasmi. Watu hulidharau kwa sababu linachosha, lakini mimi silibadilishi na hifadhi yoyote ya kulipia. Matoleo ya kikoloni yamo kwenye Google Books, unayasoma bure. Shida ni kwamba kompyuta imeyasoma vibaya, na jina la ukoo lenye herufi nane linaweza kutoka limeharibika mara tano. Tafuta kwa jina la stesheni au sanduku la posta, kisha soma kwa macho yako. Unachotafuta ni aina mbili za matangazo. Kuna ya mirathi, yanayotaja aliyekufa, alikofia na lini. Halafu kuna orodha za wapiga kura Wazungu. Wanawake wa Kizungu walipata kura katika koloni hili mwaka 1919, miongo kadhaa kabla baba zetu hawajaipata, na hilo liliniudhi nilipokuwa nasoma. Lakini ndimo mwanamke anapoandikwa kwa majina yake mwenyewe.

Nilimwona: ukoo ule ule, Njoro ile ile. Nikashangilia peke yangu chumbani.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilimfuata huyo mwanamke hadi Uingereza, nikalipia cheti chake cha kuzaliwa, nikachora ukoo wa vizazi vinne. Miezi saba baadaye nilirudi Njoro kumsalimu guka (babu) mmoja aliyekuwa kijana wa kuchunga ng'ombe shambani humo, nikamsomea kazi yangu kwa majivuno. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo ni yule aliyezikwa chini ya mkaratusi."

"Guka, kwani walikuwa wawili?"

"Wawili. Mama Kofia alikuja baadaye. Wewe hukuuliza."

Orodha niliyoitumia ilikuwa ya miaka kadhaa kabla ya barua ya nyanya. Tangazo la mirathi ya mke wa kwanza lilikuwa humo humo kwenye Gazeti, nami nililipita. Tangu siku hiyo, kila karatasi naiandikia mwaka pembeni kwa wino mwekundu kabla sijaisoma.

Mama Kofia mwenyewe nilimpata kwenye daftari la ndoa la kanisa la Kianglikana: jina lake, ukoo aliozaliwa nao, jina la baba yake na kazi ya baba yake. Mstari mmoja tu. Ukishaufikia, mengine ni uvumilivu. Orodha za abiria wa meli waliotoka Uingereza kati ya 1890 na 1960, na za waliorudi, zimehifadhiwa kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London, na zinasomeka mtandaoni. Humo utaona umri wake, na mara nyingi anwani. Vizazi na ndoa za Uingereza na Wales vina faharasa ya bure iitwayo FreeBMD. Kuanzia robo ya tatu ya 1911 faharasa ya vizazi inataja hata ukoo wa mama wa mtoto, na hilo hurahisisha sana kuwatafuta watoto waliozaliwa huko. Kama alikuwa Kaburu, wa wale waliofika Uasin Gishu kuanzia 1908, basi njia yako inaelekea Afrika Kusini, na sitajifanya mwalimu wa huko.

Ukiwa Nairobi, pita Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, halafu maktaba ya McMillan kwa magazeti ya zamani. Maktaba hiyo ilifunguliwa 1931. Aliijenga mwanamke mlowezi, Lucie McMillan, kumkumbuka mumewe, na nyanya yangu asingeruhusiwa kupanda ngazi zake.

La mwisho ni kuwaandikia walio hai. Niliandika ukurasa mmoja tu: mimi ni nani, nyanya alikuwa nani, nimeambatisha picha ya barua. Sikudai msamaha wala fidia, si kwa sababu madai hayapo, ila hiyo ni barua nyingine. Mjukuu wa Mama Kofia alijibu baada ya wiki tano, akanitumia picha moja: veranda, mtoto mweupe mwenye kofia kubwa, na msichana aliyembeba, ameangalia pembeni.

Usisahau kuomba picha ya upande wa nyuma. Mimi niliomba. Kwa penseli palikuwa pameandikwa jina la mtoto, jina la mbwa ambaye nilikuwa hata sijamwona miguuni pao, na "ayah", yaani yaya. Nikamwandikia yule mjukuu jina la nyanya, herufi kwa herufi, nikamwomba aliongeze hapo, kwa penseli ikiwezekana.