Hooyo aliuza miraa, mimi nikaila: kabla hujasema ipigwe marufuku

Hooyo, yaani mama yangu, ameuza miraa Garissa miaka mingi, meza ya mbao na gunia lililoloweshwa maji juu ya kilo zisikauke, na hiyo meza ndiyo ilinilipia fees mpaka fomu foo. So mtu akiniambia ipigwe marufuku kesho asubuhi huwa nanyamaza kwanza. Halafu mimi huyo huyo nimeitafuna miaka tisa, nikapoteza kazi mbili na nusura bibi arudi kwao.

Kitu miraa inakula kwanza ni saa zako. Gari ya miraa kutoka Maua, kule Meru, inaingia kama saa nane mchana, honi unaisikia toka mbali, na tangu uamke hujafanya kitu cha maana juu unaingoja. Ile kathinoni, dawa yenyewe ya kukuchangamsha, inaanza kupungua tu majani yakichumwa, siku mbili hivi na umebaki na kuni, ndio maana inafungwa kwa majani ya mgomba na madereva wanakimbia vile wanakimbia. Basi mnakaa mafrish, yaani kijiwe cha kutafunia, na flaski ya chai, soda, njugu, Big G. Saa kumi mirqaan, ile stimu yake, imepanda, hapo kila mtu ni tajiri, tunajenga ghorofa Eastleigh tukiwa kwa mkeka, tunapatanisha koo, tunaunda serikali nzima ya Mogadishu mpaka mawaziri wadogo. Saa tano usiku kimya, kila mtu anaangalia ukuta. Unafika nyumbani njaa hakuna, usingizi hakuna, bibi akiuliza tu kama umefunga geti unaona anakutafuta ugomvi. Unaamka saa sita mchana. Miaka tisa, wallahi, sikuwahi kumpeleka mtoto wangu shule asubuhi hata siku moja.

Sasa marufuku. Siad Barre, rais wa Somalia, alijaribu 1983, mashamba yakang'olewa, watu wakaendelea kutafuna ya magendo. Mahakama za Kiislamu zilizoshika Mogadishu zikajaribu 2006, nazo hazikukaa. Machi 2020 Somalia ikafunga ndege za miraa kutoka Kenya kwa ajili ya korona na hazikurudi mpaka Julai 2022, na abti yangu, mjomba, alikuwa Mogadishu muda huo wote, hakuacha hata wiki moja! Ilimfikia kwa njia za panya, imenyauka, bei imeruka, na ile pesa ya ziada ilitoka kwa chakula cha nyumba yake. Lakini pia sitadanganya, binamu yangu wa London aliacha kabisa Uingereza ilipoifunga Juni 2014, kwa sababu mafrish yao ilikufa na hakuna tena mzigo wa kungojea. Wengine huko wanatafuta ile iliyokaushwa. Kwa hivyo inategemea, nchi ambayo serikali haishiki barabara zake marufuku inatajirisha wa magendo tu. Mimi ningeanza na kutouzia watoto na kufunga mafrish za kukesha, halafu wale wazee wanaohubiri marufuku watuambie kina mama wa meza watauza nini, hilo sijasikia likijibiwa. Na ndio, najua kila siku pesa ya Msomali inapanda ndege na kinachobaki ni vijiti sakafuni. Inaniuma kama wewe.

Kama unataka kuacha, usianze siku ambayo saa nane yako iko wazi. Mimi niliomba kazi dukani kwa adeer, ndugu ya baba, kuanzia saa saba mchana mpaka saa tatu usiku, mshahara mdogo sana lakini nilikuwa nimefungiwa ndani gari ikipita. Halafu mwambie anayekuuzia. Mimi ilibidi niende pale mezani, nikamwambia, hooyo, usiniuzie tena. Akaendelea kupanga kilo zake, hata hakuinua macho. "Nilikuwa nakuuzia," akasema, "kwa sababu ukikosa kwangu ungekopa kwa jirani." Hiyo sentensi ilinikalia kifuani kuliko miraa yenyewe.

Wiki mbili za kwanza utalala kama maiti, utakula kama umetoka jela na utagombana na kila mtu. Usiku kuna dubaab, unaota kitu kimekukalia kifuani na huwezi kupiga kelele, usiogope, kwangu ilipungua yenyewe. Usiende mafrish "kupiga stori tu", hakuna stori huko bila majani. Usihamie vidonge vya usingizi, nimeona vijana wametoka shimo moja wakaingia lingine. Na ukianza kusikia sauti au kuona watu wanakufuata, kisomo cha Qur'ani soma lakini hospitali nenda, siku hiyo hiyo.

Mwaka wa nne huu. Hooyo bado anauza. Honi ikipita mate bado yanajaa mdomoni, sitakuficha, lakini zamu nimebadilishiwa na huo ndio wakati wadogo wanatoka shule, nasimama getini namngoja wangu, na kila siku huyu mtoto ndiye wa mwisho kutoka kwa sababu kiatu kimoja hakionekani.