Mgonjwa na mtoto wa usonji ndani ya nyumba moja

Mume wangu alianza kusafishwa damu mwaka wa 2023 baada ya figo zote mbili kugoma. Jumanne na Ijumaa, muda wa saa nne kwenye mashine kila anapoenda. Mtoto wetu wa pili ana usonji (autism), hali ya ubongo inayomfanya awasiliane na kuhisi mambo kwa namna tofauti. Wakati huo alikuwa na miaka sita na hakuwa akisema neno. Watu wakisikia hayo mawili pamoja huniuliza ninawezaje. Siku nyingi siwezi. Ila kuna kosa nililolifanya miezi ya mwanzo, na kama nawe una mzigo wa namna hii, usilirudie.

Nilimficha mtoto habari za ugonjwa wa baba yake. Kwa kuwa hasemi, nilijiambia haelewi. Siku za mashine baba yake alitoka alfajiri kimyakimya kuwahi matatu ya kutoka mtaa wa Umoja, Nairobi, nami nikawasha katuni. Jioni alirudi amenyong'onyea, akapita moja kwa moja hadi kitandani. Kijana akaanza kujigonga kichwa ukutani. Usingizi ukamtoka. Nikaona basi, usonji umezidi, nikaanza kutafuta dawa hata zisizo dawa (za ndugu wa kanisani sitazisimulia hapa).

Aliyenifumbua macho ni mama anayemfanyia mazoezi ya tiba. Alipitia daftari tunaloandika siku zake mbaya, akauliza, "Mama, Jumanne na Ijumaa kwenu huwa kuna nini?"

Mtoto mwenye usonji hutulia anapojua kinachofuata. Huku kwetu baba alikuwa anatoweka mara mbili kwa wiki bila habari, kisha anarudi mtu mwingine. Ningekuwa mimi, ukuta nao ungenijua.

Tulichukua katoni la unga, tukalichora vyumba saba, tukalitundika kwenye mlango wa jikoni. Jumanne na Ijumaa zina matatu nyekundu iliyochorwa na dada yake. Kila asubuhi kijana huhamisha kibanio cha nguo hadi siku ya leo. Chini ya matatu tuliweka picha mbili za simu nilizochapisha kwenye saiba, duka la kompyuta: baba kwenye kiti cha mashine, na baba amelala, blanketi hadi kidevuni. Mzee hakuipenda hiyo ya pili. "Unanitundika kama marehemu?" Lakini ndiyo iliyofanya kazi. Usiweke picha ya baba anayecheka ikiwa atakayeingia mlangoni hacheki.

Kwa siku za dharura tuna kadi ya rangi ya chungwa, maana yake leo mambo yamebadilika. Hiyo usiianzie kwenye jambo kubwa. Sisi tuliizoesha kwa vitu vidogo, kubadilisha sahani, kupita njia nyingine ya kwenda dukani, kwa wiki kadhaa. Siku baba alipolazwa ghafla, kijana alilia, lakini alielewa analilia nini.

Kisha kuna habari ya maji, ambayo hakuna aliyenionya. Kitu kimoja mtoto wetu alichokuwa akikifanya kwa ajili ya mtu mwingine ni kumpelekea baba yake maji. Kikombe kikubwa cha plastiki, kimejaa pomoni, anasimama hapo mpaka kiishe. Na mgonjwa wa mashine ana kipimo cha maji kwa siku, chai na supu vikihesabiwa humo humo, maana yakizidi hukaa mwilini mpaka miguu na mapafu yanalemewa. Nikawa namnyang'anya mtoto kikombe. Nilipoona uso wake nikajua nimeharibu. Tukanunua soko la Gikomba vikombe viwili vidogo vya kahawa, vya kufanana. Sasa analeta hicho, na maji yake tunayahesabu ndani ya kipimo cha siku.

Chakula nacho ni vita vingine. Kijana anakula ndizi, viazi na ugali mkavu, basi. Baba amekatazwa ndizi na parachichi kwa sababu ya potasiamu, madini ambayo figo zilizogoma haziwezi kuyatoa mwilini, na viazi vyake lazima nivikatekate, nivichemshe kwa maji mengi, niyamwage. Napika sufuria mbili. Sijapata njia ya mkato, ukiipata niambie.

Mkononi mume wangu ana fistula, pale madaktari walipounganisha mishipa miwili ya damu ili sindano za mashine zipate damu ya kutosha. Ukiweka kiganja unasikia mtetemo, kama simu inayoita mfukoni bila sauti. Kijana alipoigundua hakutaka kuiacha. Alikuwa anaulalia ule mkono hadi anasinzia. Na mkono huo haukandamizwi, haubebi mzigo, haupimwi presha. Hatukumkataza. Tulimfundisha kuweka kiganja taratibu, tuhesabu hadi kumi, aondoe. Wauguzi wenyewe husisitiza mtetemo uchunguzwe kila siku, na ukikosekana uende hospitali siku hiyo hiyo. Hivyo tunachunguza watatu, kabla ya viatu vya shule.

Makaratasi yashughulikie mapema, mgonjwa akiwa bado ana nguvu za kupanga foleni nawe: kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, tathmini ya mtoto katika EARC, kituo cha serikali cha kutathmini mahitaji ya elimu ya watoto, malipo ya SHA, bima ya afya ya serikali, yasikatike. Na mtoto asiye na ulemavu mpe siku yake. Binti yetu Jumamosi mchana si msaidizi wa mtu.

Mwisho, andika karatasi moja ya atakayekushika mkono. Watu wakiambiwa "mtuombee" huomba wakaenda zao; ukimwambia wifi "njoo Ijumaa saa tisa hadi saa moja", anakuja. Yangu imebandikwa kando ya katoni: mkono upi usikandamizwe, dawa zipi saa ngapi, mtoto anaogopa blenda, akifunga masikio zima redio. Wiki iliyopita nilikuta wifi ameongeza mstari kwa kalamu nyekundu: "Ukimvua soksi, anza na ya kushoto." Mwaka wa tisa huu namvua soksi, sikuwa najua.