Pembetatu mraba: pande tatu au nne?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mwanangu yuko darasa la sita, juzi kaja na hesabu za kufanyia nyumbani zimeandikwa "pembetatu mraba". Mimi ninavyojua mraba ni ule wa pande nne, sasa pembetatu inakuwaje mraba? Wamekosea kuchapa au?

Jibu: Marahaba dada. Hawajakosea.

Ukimuuliza mtu mraba ni nini atakwambia pande nne zilizo sawa basi, pembe kazisahau, wakati pembe ndo zenyewe. Chukua ule uru wa kwenye karata, pande zake nne unaweza kuzikuta sawa kabisa lakini si mraba, kwa sababu umebinywa na kona zake haziko nyuzi 90. Mraba lazima uwe na zote mbili, pande sawa na kona nne za nyuzi 90. Sasa hiyo kona ndo ikaitwa pembe mraba, yaani pembe kama ya kwenye mraba, na pembetatu yenye pembe mraba moja ikaitwa pembetatu mraba. Moja tu, haiwezi kuwa na mbili, maana pembe zote tatu jumla ni nyuzi 180, ukishaweka 90 mara mbili ya tatu unaitoa wapi?

Kinachokuchanganya ni kwamba nomino mbili zimekaa pamoja bila "ya" wala "yenye". Mbona tunasema askari kanzu na njugu mawe kila siku na hakuna anayedhani askari kageuka kanzu. Ila angalia wingi: mraba likiwa umbo ni mraba huu, miraba hii, lakini likikaa nyuma ya pembe linaganda, utasema pembetatu mraba mbili, sio "pembetatu miraba", hiyo nimeiona kwenye notisi za watu na inaudhi kweli.

Na mita za mraba nayo inaleta ubishi kwenye viwanja. Mtu anaambiwa kiwanja kina mita za mraba 400 anadhani ni lazima kiwe 20 kwa 20, wapi, hata 10 kwa 40 ni zile zile, hata kikiwa na kona tatu sawa tu. Hapo tunapima eneo, umbo halimo.

Hiyo pembe mraba mafundi ujenzi wao wanaiita skwea. Fundi akitaka kona ya msingi ikae sawa anavuta kamba mbili, huku anapima futi 3, huku futi 4, halafu anapima kukatisha kutoka alama hadi alama, ikija futi 5 kamili kona iko skwea, isipokuja anasogeza kamba. Mwoneshe mwanao hilo, hapo chini fundi keshachora pembetatu mraba na ile kanuni ya Pythagoras ya pande za pembetatu mraba ndo hiyo hiyo, 3 mara 3 ni 9, 4 mara 4 ni 16, jumla 25, ambayo ni 5 mara 5.

Kenya wenzetu hesabu wanafundishwa kwa Kiingereza, majina haya wanayakuta kwenye somo la Kiswahili chini ya "maumbo". Huku kwetu Tanzania shule nyingi za msingi za serikali hisabati ni Kiswahili, ila akifika kidato cha kwanza mtoto anaanza kuyajua upya kwa Kiingereza. Kwa hiyo mwache ayashike vizuri sasa hivi, na kwenye daftari aandike pembetatu neno moja, mraba aliache peke yake.