Usaha Utosini Si Mba, Dada

Juzi msomaji ameniandikia: "Dada, utosi una vipele vya usaha, nywele zinang'oka, msusi kaniambia nipake maji ya kitunguu." Damu ilinichemka, kwa sababu hayo nimeyapitia.

Mimi yalianzia katikati ya kichwa. Kipele, usaha, gamba, halafu kipande cheupe laini kisichoota kitu. Pembeni yake nywele nyingi zikawa zinachomoza kwenye tundu moja kama za mswaki. Saluni moja walinisimamisha mbele ya wateja, eti nitawaambukiza wenzangu. Ndugu nao wakanong'ona kuhusu ugonjwa ule mnaoujua. Sijasahau, na wapo wanaosoma hapa. Miezi ya vilemba naiacha.

Daktari wa ngozi ndiye aliyepima usaha, akakata na kinyama kidogo cha ngozi. Jibu: folikulaitisi dekalvansi, ugonjwa wa ngozi ya kichwa unaoacha makovu. Kwenye vipele vyake mara nyingi hukutwa bakteria wa Staphylococcus aureus, na kinga ya mwili huvamia eneo hilo kwa hasira hadi shina la nywele linakufa, kovu linakaa mahali pake. Palipo na kovu nywele hairudi, hata upake nini. Nilipewa antibiotiki mbili kwa pamoja, rifampisini na klindamaisini. Hiyo rifampisini ikafanya mkojo uwe rangi ya chungwa! Tafadhali msikimbilie duka la dawa: rifampisini ni dawa ya kifua kikuu pia, haichezewi. Kovu langu halijaongezeka tangu hapo, na nywele zilizobaki nasuka kwa raha zangu, wanong'onaji wakitazama.

Lakini msinisome vibaya mkaanza kusugua kichwa kwa dawa za kuua vijidudu. Ngozi yenye afya imejaa bakteria, na wana kazi. Mwaka 2021 timu ya mtafiti wa ngozi Luis Garza wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, ilionyesha kwamba panya waliokuzwa bila vijidudu kabisa walishindwa kuotesha nywele mpya kwenye majeraha vizuri kama wenzao. Watu waliojitolea kupakwa antibayotiki kwenye vidonda vidogo, vidonda vyao vilichelewa kupona. Na mapunye ni fangasi, antibayotiki haiyagusi.

Kwa hiyo dada yangu, kitunguu kirudishe jikoni. Fumua rasta, usitumbue vipele, nenda kwa daktari wa ngozi wiki hii. Omba usaha upimwe kabla hujameza kidonge chochote.