Maswali ya Wasomaji: Shuka Mbili za Ihramu

Baba anakwenda Hija mwaka huu. Nyumbani siku zote huvaa msuli, na anasema ndio atakaoutumia kuwa shuka ya chini kwa kuwa hautamvuka kwenye msongamano. Jirani amemwambia haifai, umeshonwa. Lakini shuka za ihramu za dukani nazo zimepigwa cherehani pindoni. Tofauti iko wapi? (Msomaji, Tanga)

Jirani amepata jibu, sababu ndiyo imempita kidogo. Uzi hauna kosa. Katika hadithi ya Ibn Umar, sahaba wa Mtume, Mtume (s.a.w.) aliulizwa aliyehirimia (aliyeingia katika ihramu, yaani aliyetia nia ya Hija au Umra) avae nini, naye akajibu kwa kutaja asichovaa: kanzu, vilemba, suruali, majoho yenye kofia, na khofu (soksi za ngozi). Wanachuoni walitazama nguo hizo zinafanana kwa lipi, wakaona zote zimetengenezwa kufuata umbo la mwili au la kiungo. Hilo ndilo lililokatazwa kwa mwanamume. Pindo, kiraka, au vipande viwili vilivyoungwa ili shuka ifike haviharibu kitu.

Msuli una tatizo lake: ncha mbili zimeunganishwa ukawa duara. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, nguo inayozunguka mwili kwa mshono inaingia katika katazo. Wako wanachuoni wa zama zetu walioiruhusu shuka ya chini ya namna hiyo, Ibn Uthaymin akiwa mmojawapo. Lakini kwa nini baba aingie katika hitilafu wakati dawa ni wembe? Fumua ule mshono mmoja, msuli urudi kuwa kitambaa. Au achukue kikoi, ambacho hakikuungwa tangu mwanzo. Matamvua yake hayadhuru. Weupe ni sunna, si sharti.

Kuhusu kutovuka, shuka ya chini inaruhusiwa kufungwa fundo na kukazwa kwa mkanda, hata mkanda wenye mfuko wa pesa. Asimame miguu imeachana kiasi cha hatua ndogo, la sivyo atajibana na ngazi za basi zitamshinda. Ukingo wa juu upite juu ya kitovu, pindo la chini lishuke chini ya magoti bila kugusa vifundo. Upande mmoja aupeleke mpaka nyonga ya pili, auvute wa pili juu yake, akunje ukingo kwa nje mara mbili tatu akikaza kila mkunjo, ndipo mkanda ukae juu. Mtu mnene asikubali shuka iliyo chini ya mita 2 kwa urefu, maana akikaa paja litatokeza, na chupi ndani hakuna.

Shuka ya mabegani ndiyo inayokosewa zaidi. Siku hizi wengi huibana kifuani kwa pini, au hununua yenye vifungo vya kubana kuanzia shingoni mpaka tumboni. Kwa Shafi hilo halifai, kwani shuka imeshageuzwa kuwa shati. Ikimsumbua, ncha zake azichomeke kwenye shuka ya chini.

Mwaka jana jamaa yetu aliziweka shuka zake kwenye sanduku lililoingia tumboni mwa ndege, akakumbuka tuko angani. Alisema atavaa Jidda. Alikosea? (Msomaji, Mombasa)

Alikosea. Ndege inayokwenda Jidda hupita usawa wa mikati, yaani mpaka wa kuhirimia, kabla ya kutua, na aliyekusudia Hija au Umra akiivuka bila kuhirimia, kisha asirudi, anadaiwa kuchinja. Ihramu yenyewe ni nia. Shuka ni mavazi ya hali hiyo. Ndiyo maana unaweza kuzivaa nyumbani, ukanywa chai nazo na kupanda ndege nazo ukiwa hujahirimia bado, ukasubiri tangazo la mikati ndipo utie nia na kuleta talbia (Labbaika Allahumma labbaika). Hivyo ndivyo tunavyoshauri, kwa sababu choo cha ndege si pahala pa kufunga shuka.

Jamaa yenu angeweza kujiokoa pale pale kitini. Angevua kofia, akavua kanzu, kisha kanzu hiyo hiyo akaizungusha kiunoni kama shuka bila kuingiza kichwa wala mikono. Katazo ni kuivaa inavyovaliwa, na kujifunga nayo si kuivaa. Blanketi la ndege lingekaa mabegani. Asiyepata kabisa cha kujifunga ameruhusiwa na hadithi kubaki na suruali hadi apate shuka.

Wanaoanzia Madina hawana shida hii. Wao huhirimia Dhul-Hulaifa, inayoitwa pia Abyar Ali, nje kidogo ya mji. Ndiyo mikati iliyo mbali kuliko zote na Makka, zaidi ya kilomita 400.

Je, mwanamke lazima avae nyeupe? Na mimi niliyezoea nikabu nifanyeje? (Msomaji, Unguja)

Vaa buibui lako jeusi ukipenda. Mwanamke hana shuka mbili. Huvaa nguo zake za kawaida za stara, zilizoshonwa, na soksi pia. Ile sare nyeupe ya vikundi ni ya kutambuana tu. Alichokatazwa ni viwili: nikabu na glavu. Wanaume wakiwa karibu na unataka kujisitiri, teremsha mtandio kutoka kichwani mbele ya uso. Kwa Shafi usiguse ngozi ya uso, ndiyo maana wengine huvaa chini yake kofia yenye ukingo wa kuuinua.

Watu husema ihramu ni sanda. Ni maneno ya mawaidha tu, au yana asili? (Msomaji, Bujumbura)

Yana asili. Ibn Abbas amesimulia kwamba mtu mmoja aliyehirimia alianguka kutoka kwenye ngamia wake pale Arafa akafa. Mtume akaamrisha aoshwe kwa maji na mkunazi, akafiniwe kwa nguo zake mbili zile zile, asitiwe manukato wala asifunikwe kichwa, kwa kuwa atafufuliwa Siku ya Kiyama akileta talbia. Kwa mtu huyu, shuka na sanda vilikuwa kitambaa kimoja.

Iko maana nyingine isiyotajwa sana. Kabla ya Uislamu, Maquraishi na washirika wao walijiita Hums, na wageni waliambiwa wasitufu (wasiizunguke Kaaba) kwa nguo walizokuja nazo. Aliyepata nguo kwa mmoja wa Hums aliivaa. Aliyekosa alitufu uchi. Mwaka wa 9 wa Hijra, katika Hija iliyoongozwa na Abubakar, ikatangazwa kwamba hakuna tena kutufu uchi. Kwa hiyo shuka mbili ambazo kila mtu anaweza kuzipata ziliondoa mambo mawili: uchi, na ukoo mmoja kushika ufunguo wa stara ya wengine. Husemwa pia kwamba tajiri na maskini huwa sawa. Kwa macho, kweli. Ila mahema ya mahujaji kule Mina yana madaraja na bei zake, kwa hiyo tusiibebeshe shuka kazi yote.

Nikitembea sana mapaja huchubuka. Naweza kupaka mafuta? Na nikisahau nikavaa kofia? (Msomaji, Nairobi)

Mafuta ya mgando yasiyo na harufu paka mapajani, hata baada ya kuhirimia. Usiguse nayo nywele wala ndevu. Soma kibandiko, maana mengi ya dukani yametiwa manukato, kama zilivyo sabuni na vitambaa vya kujipangusia. Manukato tia mwilini kabla ya nia, shuka uziache. Ukizifukiza udi, ukazivua kuoga na kuzirudia zikiwa bado zinanukia, umeingia katika fidia.

Chukua jozi mbili. Shuka za taulo hufyonza jasho lakini zikilowa huwa nzito na kuvuta mkanda chini. Za pamba nyepesi hukauka upesi ila zikilowa huonyesha mwili. Taulo chini na pamba juu ndio mchanganyiko unaofaa. Kuzibadilisha na kuzifua hakuvunji kitu. Jua likikuzidi, tumia mwavuli, kwa sababu kivuli si kilemba.

Kofia uliyoivaa kwa kusahau, ivue mara ukumbukapo, huna deni. Ukiivaa kwa makusudi, hata kwa dharura ya ugonjwa, chagua fidia moja: kufunga siku 3, kuwalisha maskini 6 vibaba viwili viwili, au kuchinja mbuzi. Na ukimaliza saayi (kwenda na kurudi kati ya Safa na Marwa) ya Umra usikimbilie kanzu. Kinyozi kwanza.